Naomba ushauri: simu mbili zimechukua boma lile lile, na hakuna mnara

Korongo_Tech
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, nimekwama wiki ya pili sasa.

Nimetengeneza programu ya Android kwa kikosi kinachochanja mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka huku Simanjiro. Tuna simu nane, pikipiki tatu, na maboma yaliyotawanyika sehemu ambazo mtandao unaupata ukipanda kilima, tena siyo kila kilima. Seva ya mjini mchana haitusaidii kitu. Nataka simu ziongee zenyewe zinapokaribiana: boma lipi limebaki, dozi ngapi zipo kwenye boksi la barafu la nani.

Nilichagua mtindo wa nafasi ya tapuli. Kwa asiyeujua, tapuli ni kifungu kidogo cha data chenye mpangilio, mfano ("boma", 41, "halijachanjwa", 120). Unaiweka kwenye nafasi ya pamoja kama unavyobandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, bila kumtaja atakayeisoma. Kazi kubwa ni tatu: weka, soma (unaiona, inabaki), chukua (unaiondoa, inakuwa yako). Anayetafuta hataji anwani, anataja umbo: nipe tapuli yoyote ya boma ambalo halijachanjwa. Wazo ni la David Gelernter wa Chuo Kikuu cha Yale, kwenye Linda, lugha yake ya kuratibu programu ya miaka ya 1980. Nililipenda kwa sababu anayeweka na anayesoma si lazima wawepo kwa wakati mmoja, na porini ndivyo tunavyoishi.

Shida ni hii. Kila simu nimeipa nakala ya nafasi nzima, zikikutana zinalinganisha na kujazana. Jumanne iliyopita timu mbili zikachukua boma 41, moja asubuhi, nyingine saa nane mchana. Mzee mwenye mifugo alitufukuza na alikuwa na haki, maana mbuzi wake walikamatwa upya mmoja mmoja mpaka wakaisha. Wanyama hawakudhurika, ila dozi 120 zimekwenda, na chupa ikishachanganywa huwezi kuilaza hadi kesho. Nimekosea wapi?

FundiWaNyaya
Mkuu, kosa lipo hapo uliposema kila simu ina nakala. "Chukua" ina maana pale tu tapuli inapokuwa moja. Ukiwa na nakala nane, anayechukua anaondoa ya kwake, saba zinabaki hai mifukoni mwa wenzake. Linda ya mwanzo haikupata taabu hii kwa sababu kompyuta zake zilikuwa zimeunganishwa muda wote.

Isome LIME, yaani Linda kwa vifaa vinavyotembea, kazi ya Picco, Murphy na Roman ya mwaka 1999. Wao walimpa kila anayetembea nafasi yake mwenyewe, na nafasi ya pamoja ikawa muungano wa muda tu wa nafasi za walio karibu. Tapuli ina nyumba moja. Boma 41 likiwa kwenye simu ya Timu A, Timu B hailioni mpaka wakutane. Wakikutana, B inaomba, A inaiachia. Wakiachana, kila mmoja anaondoka na zake. Unaweza pia kuandika tapuli yenye jina la mwenye kuipokea: asipokuwepo inakaa kwako, akitokea inahamia kwake yenyewe bila wewe kubonyeza kitu.

Kwa kusoma, nakili utakavyo, mradi nakala iwe na alama kwamba ni picha tu na haichukuliki.

Kipanga77
Namheshimu fundi, lakini mimi ningeachana na "chukua" kabisa. Andika matukio: "A imechanja 41", "B inaelekea 17". Tukio halifutwi, linaongezwa. Simu zikikutana zinaunganisha orodha, na hata yakifika kwa mpangilio gani matokeo ni yale yale. Programu inakuwa nyepesi na hakuna tapuli inayopotea.

FundiWaNyaya
Kipanga, matukio yako yangemweleza Korongo vizuri kilichotokea Jumanne, lakini yasingekizuia. B hakujua kwamba A ameshapita 41, na hawakukutana popote ili orodha ziungane. Tapuli ikiwa moja, B hana cha kuchukua, basi. Gharama yake naikubali: B anaweza kusimama mlangoni mwa boma ambalo hana haki nalo, huku A yuko mbali. Mwenye kazi ndiye wa kusema gharama ipi anaibeba.

Kipanga77
Hapo sawa. Basi kazi iwe tapuli moja, taarifa ziwe matukio. Na mkuu, usipange kipi kilitangulia kwa kutumia saa za simu. Nimeona simu zilizokaa bila mtandao zikipishana dakika kadhaa. Kila simu iwe na kaunta yake, na kila tukio libebe jina la simu na namba.

Korongo_Tech
Nawashukuru sana. Leo nimejaribu nyumba moja kwa kila tapuli, na limezuka jipya. A inafuta, inatuma, pikipiki ya B inaondoka katikati. B haikupokea. Boma 23 halipo kwenye simu yoyote duniani!

BiMitandao
Kaka, hilo halina dawa kamili, na usipoteze usiku kuitafuta. A akituma, anahitaji jibu kwamba imefika. Jibu likipotea njiani, A hajui kama B anayo au hana. Ukiongeza jibu la jibu, nalo linaweza kupotea. Kwa hiyo unachagua kosa utakaloweza kuishi nalo: boma kuchanjwa mara mbili, boma kupotea, au boma kusubiri. Kwa hadithi uliyotupa, chagua kusubiri. A asifute. Aiweke tapuli hali ya "inakabidhiwa kwa B" na asimpe mtu mwingine mpaka B athibitishe. Jibu likipotea, watamalizana watakapokutana tena, jioni kambini ikibidi.

Punguza pia nafasi ya kukatika. Waliofanya LIME walikutana na jambo hilihili, na wazo moja lililotoka kwenye kundi lile ni umbali salama: vifaa viachane kwa makubaliano kabla mawimbi hayajakatika, kwa kuangalia mahali na mwendo. Wewe una GPS. Kama B anatembea na umbali unaongezeka, usianzishe makabidhiano.

Halafu unatumia redio gani? Kama ni Wi-Fi Direct, ile ya simu kuunganishwa zenyewe bila ruta, kumbuka simu moja ndiyo mkuu wa kundi, ikiondoka kundi zima linavunjika. Android ya kawaida haikupi mtandao wa kurukia simu hadi simu, hiyo unaiandika mwenyewe. Jaribu Nearby Connections, maktaba ya Google ya kuunganisha simu zilizo karibu, kwa mpangilio wake wa kundi lisilo na mkuu. Na "chukua" ya Linda husubiri hadi tapuli ipatikane, ukiiita vibaya skrini inaganda. Tumia "nijulishe ikitokea".

Mwisho, tia saini ya kidijitali kwenye kila tapuli na kila ombi la kuchukua. Nafasi iliyo wazi, yeyote aliye karibu na simu anaweza kuchukua.

MamaMifugo
Mimi si mtu wa kompyuta, nimechanja miaka kumi na moja. Wanangu, mbona mnagombania maboma? Maboma yagaweni asubuhi kambini, simu zote zikiwa pamoja, kwa kufuata njia ya kila timu. Kinachobadilika porini ni dozi. Karatasi inasema mbuzi 120, unafika unakuta 200, shemeji kaleta wake kwa ajili ya maji. Hapo ndipo ninapohitaji kujua nani kabakiwa na chupa, na yuko upande gani. Dereva wa pikipiki anapita kwa wote, simu yake ibebe hizo habari hata kama yeye hachanji. Na pakeni rangi kichwani kila mnyama aliyechanjwa, ili timu ikifika kimakosa ione kabla ya kufungua chupa.

Korongo_Tech
Mama, shikamoo. Umenifungua macho. Nilikuwa napigania tapuli isiyostahili.

Mrejesho baada ya siku nne. Maboma yanagawiwa asubuhi na kila tapuli ina nyumba moja. Chupa ndizo zinazochukuliwa na kukabidhiwa porini, kila chupa ambayo haijachanganywa ni tapuli yake. Simu za madereva zinabeba tapuli zenye majina ya wapokeaji, na jana moja ilisafiri kutoka timu ya mashariki hadi ya kusini kwa pikipiki mbili tofauti. Rangi tumenunua ya bluu.

Boma halijarudiwa tena. Chupa moja ilikwama kwenye "inakabidhiwa" tangu saa tano hadi jioni, na ilikuwa kwenye boksi la B muda wote. Nitaweka kitufe cha mtu kuthibitisha kwa mkono anapoishika chupa. BiMitandao, ukipata nafasi niambie kama hapo naharibu kitu.

BiMitandao
Huharibu, ila B ndiye abonyeze, na thibitisho lake lisafiri kama tukio kupitia madereva. A asipewe kitufe hicho.