MREJESHO: Pikipiki ya 2T iliyokamata injini

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu pikipiki ya kuchanganya oili na petroli iliyozima ghafla mlimani, kiki ikawa ngumu kama jiwe. Asanteni. Nilimimina dizeli kidogo tundu la plagi, siku ya pili kiki ikashuka. Nikataka kuwasha, bahati fundi akanizuia. Tulipofungua: pistoni imekwaruzika upande wa ekzosi, ringi moja imenasa kwenye mfereji wake, plagi nyeupe pe, dalili kwamba injini ilipata hewa nyingi kuliko petroli! Oili haikuwa na kosa, nachanganya 1:32 (oili sehemu moja, petroli 32). Mchawi ni sili ya krenki (mpira unaoziba mhimili wa injini) upande wa magneto, yaani upande wa kuzalisha umeme; ilichanika ikawa inavuta hewa, injini ikachemka mpaka pistoni ikanasa. Silinda imechongwa, pistoni ni oversaizi 0.50 (kubwa kuliko ya kwanza kwa nusu milimita), sili zote mpya. Sasa inawaka kiki moja, ila bado siikimbizi kwa nguvu mpaka pistoni mpya izoee.