Naomba ushauri: neno demurrage kwenye mkataba wa jahazi

Salaam aleikum wenzangu, niko Lamu, nahitaji mtu anaejua kizungu cha mikataba. Ami yangu ana jahazi la mizigo, sasa kuna tajiri ataka kulikodi abebe simiti kutoka Mokowe mpaka Shela, mkataba umekuja kizungu kitupu na kuna kifungu cha demurrage.

Nimegugo nikaona ni pesa anayolipa aliekodi chombo akipitisha muda waliokubaliana wa kupakia na kushusha, hata pale Mombasa kontena ikipitisha siku za bure bandarini hulipishwa kwa jina hilohilo. Mpaka hapo sawa. Lakini huu mkataba wasema tutakaolipa ni sisi wenye jahazi!! Mimi naona kimegeuzwa, maana wapagazi na punda wa kushushia ni wake yeye, wakichelewa sisi twaingiaje? Tena maji yakipwa jahazi lakaa mchangani mpaka yajae, hizo saa nazo zahesabiwa?

Kuna anaejua kama neno hili laweza kutumika hivyo ama tumwambie akibadilishe? Ami atakiwa atie sahihi Jumatatu na chombo ndio riziki yetu sote, tafadhalini.