Mrejesho: Slaidi za damu zilizotoka nyekundu mno kwa rangi ya Giemsa

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kwa nini slaidi zetu za damu zilitoka na wekundu uliokolea, hata vimelea vya malaria vikawa havionekani vizuri. Tulipima maji ya bafa (maji ya kuchanganyia rangi, yanayodhibiti kiwango cha asidi) kama mlivyoshauri, tukakuta yana asidi, nayo ndiyo iliyozidisha wekundu. Yalipofikishwa pH 7.2 (pH ni kipimo cha asidi), nasi tukatumia Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, kiini cha kimelea kilionekana chekundu na saitoplazimu yake (sehemu inayozunguka kiini) ya bluu, jambo lililonifurahisha sana. Tone jembamba, yaani damu iliyotandazwa kwa tabaka nyembamba kwenye slaidi, bado tunalipitisha kwenye methanoli (aina ya alkoholi) ili seli zishike kwenye kioo, lakini tone nene haliguswi nayo kabisa, kwa kuwa seli zake nyekundu lazima zipasuke ndipo vimelea vionekane.