Sumukuvu kwenye mahindi: mboga za kijani zinazuia saratani kweli?

Mkulima_Kongwa: Wakuu, magunia yangu mawili yameota ukungu, mvua iliyakuta nimeyaanika chini uani. Mama watoto anasema tukoboe tu, utatoka. Nasikia sumukuvu huleta saratani ya ini ila mboga za kijani huizuia. Kweli?

Maabara_Dom: Ini likiivunja aflatoksini B1, yaani aina mojawapo ya sumukuvu, hutokea kemikali inayoganda kwenye DNA. Jeni ya p53, breki ya seli, huharibika, mara nyingi sehemu yake moja iitwayo kodoni ya 249. Mwenye homa ya ini B ndiyo kabisa, hatari inazidi. Kuhusu kijani: kule Qidong, China, watu 180 waligawanywa, wengine wakapewa klorofilini (inatengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani) miligramu 100 kila mlo kwa miezi 4. Alama ya uharibifu wa DNA kwenye mkojo ikawa chini kwa 55%. Ila ule ni unga wa vidonge, siyo matembele, na walipima mkojo, hawakuhesabu wagonjwa wa saratani.

Bi_Ufuta: Kukoboa hupunguza, hakumalizi. Kupika ndiyo kabisa haiondoki. Na pumba usiwape kuku!

Mkulima_Kongwa: Loh, pumba za debe la kwanza jirani alishabeba jana za nguruwe. Namfuata sasa hivi. Turubai la kuanikia bei gani huko mjini?