Mnaotapisha vyoo mvua ikinyesha, mnatunywesha kinyesi!

Wakuu, masika ikianza tu huku uswahilini Dar, mvua ikikolea usiku utasikia nyundo: mtu anatoboa ukuta wa shimo la choo, mzigo uende mtaroni. Asubuhi mtaa unanuka, mwenye nyumba kajikausha. Eti mvua itapeleka. Itapeleka wapi? Kwenye kisima cha jirani, na Mto Msimbazi, ambako watu wanamwagilia mchicha tunaokula wote. Kipindupindu cha 2015 hakikutosha?

Msinililie kwamba gari la kunyonya ni ghali. Hata likija, mmeshatupia pampasi, pedi na matambara shimoni, mpira wa kunyonyea unaziba, dereva anaondoka zake.

Na hilo shimo mara nyingi halijajaa kinyesi, limejaa maji. Fundi kachimba kiangazi, kaona pakavu, kafurahi. Masika maji ya ardhini yanapanda na kuingilia chini, kwa hiyo ukinyonya leo keshokutwa limefurika tena. Mabondeni choo kinainuliwa juu ya ardhi: shimo fupi, tofali zilizopigwa plasta ndani, chini zege, kisha unanyonya mara kwa mara. Shimo lisilosakafiwa linafaa pale tu ambapo kitako chake kiko angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na hayo maji yapimwe masika.

Kisima nacho kikae angalau mita 30 kutoka chooni. Kwa viwanja vyetu hiyo ni nyumba tatu za watu, kwa hiyo choo cha jirani ni chako pia. Usidanganyike maji yanang'aa. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Anayeumia ni kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo: damu yake inashindwa kubeba oksijeni.

Kisima kikishaingiliwa na maji ya choo, msikimbilie kumwaga dawa, maana tope linaila yote. Choteni maji, toeni tope, sugueni kuta, acheni kijae upya. Ndipo kwa kila lita 1,000 muweke gramu 150 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo. Ilale usiku kucha, kisha mchote mpaka harufu ya klorini iishe. Jirani akitapisha tena, kazi yote inaanza upya.

Na wewe afisa afya wa kata unayekagua vyoo saa nne asubuhi jua linawaka, unategemea kuona nini? Njoo saa nane usiku mvua inanyesha, ufuate nyundo.