Mjadala: Je, mtu wa gridi ndogo alipe uniti kwa bei sawa na mtu wa gridi ya taifa?

Mleta mada

Wakuu, naomba tuijadili hii kwa hoja. Gridi ndogo ni mtambo wa sola na betri, au wa maporomoko ya maji, unaohudumia kijiji kimoja au viwili bila kuungwa na gridi ya taifa. Uniti moja ya umeme wake mara nyingi ni ghali mara kadhaa kuliko ya mjini. Je, serikali ilazimishe bei iwe moja nchi nzima, au kila mtambo utoze kulingana na gharama zake?

Msimamo wangu: bei iwe moja, na pengo lifidiwe. Serikali ikitoa amri ya kushusha bei bila kutoa fedha, imeamuru mtambo ufe taratibu. Betri zikichoka hazitabadilishwa, fundi ataondoka, na watu watarudi kwenye vibatari huku takwimu za taifa zikiendelea kuwahesabu kuwa wana umeme.

Najua nitaambiwa kwamba mwanakijiji anataka kubebwa. Nani habebwi? Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti wa mashirika ya umeme katika nchi 39 za Afrika kusini mwa Sahara. Ni ya nchi mbili tu, Ushelisheli na Uganda, yaliyokuwa yakikusanya fedha za kutosha kulipia gharama zote, za uendeshaji na za mtaji. Kwingine kote mteja alikuwa akilipa chini ya gharama halisi, na tofauti hiyo iliishia kwa mlipa kodi, kwenye madeni, au kwenye mitambo inayoachwa ichakae. Kwa hiyo mtu wa mjini amekuwa akipewa ruzuku miaka yote, ila haionekani kwenye risiti yake. Mtu wa kijijini akinunua sukari na sabuni analipa kodi ile ile, halafu kwenye umeme anaambiwa ajitegemee.

Tuangalie hesabu. Kaya yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano kila usiku, televisheni ya wati 40 kwa saa nne, na simu mbili za kuchaji, inatumia uniti kama 8 kwa mwezi. Nguzo, nyaya, mita na mshahara wa fundi ni vile vile hata kaya hiyo ikitumia uniti 80. Ukigawa gharama kubwa kwa uniti chache, kila uniti inatoka ghali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba hata gridi ndogo ya sola iliyojengwa vizuri kabisa inazalisha uniti kwa takriban senti 38 za dola. Hakuna uhodari wa mwekezaji utakaoishusha hiyo hadi bei ya mjini kwa amri ya siku moja.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, hoja ya haki nakubaliana nayo, utekelezaji ndio unanitia wasiwasi. Serikali ambayo haijaweza kulifidia shirika lake lenyewe kwa wakati, itawezaje kulipa pengo kwa waendeshaji mia moja wadogo? Shirika kubwa likicheleweshewa malipo mwaka mzima linakopa benki. Mwendeshaji mdogo akicheleweshewa miezi mitatu anafunga. Umemtoa kwenye mkono wa mteja anayelipa kabla ya kutumia, ukamweka kwenye foleni ya hazina.

Mimi nasema serikali ichangie ujenzi mara moja, igharamie nguzo na nyaya kama inavyofanya kwa gridi ya taifa, kisha iache bei ipangwe na watu wenyewe. Nigeria walipotoa kanuni za gridi ndogo mwaka 2016 waliweka njia ya makubaliano: mwendeshaji akipata saini za wateja wanaobeba asilimia 60 ya matumizi, bei hiyo inapita. Mtu mzima anajua anachoweza kulipa. Zaidi ya watu milioni 660 duniani bado hawana umeme. Tukisubiri bajeti ya ruzuku ya kudumu, tutawaacha gizani kwa jina la usawa.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa mitambo hii, nina jambo moja. Mnazungumzia bei moja kana kwamba umeme wa saa saba mchana na wa saa mbili usiku ni kitu kimoja. Kwenye mtambo wa sola si kitu kimoja hata kidogo. Mchana jua likiwa kali betri zinajaa mapema, na baada ya hapo inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika majumbani) inazibana paneli zisizalishe, kwa sababu hakuna wa kuutumia. Umeme ule unapotea hivi hivi. Usiku kila uniti inatoka kwenye betri, na betri ndiyo inayokula fedha. Zile za madini ya risasi ukizishusha hadi chini kila usiku zinakufa ndani ya miaka michache. Za lithiamu zinavumilia zaidi, lakini nazo zina kikomo cha mizunguko ya kujazwa na kutumika.

Kwa hiyo mimi ningemuuzia mwenye mashine ya kusaga kwa bei ya chini mchana, na watu wa usiku bei ya kawaida. Mashine yenyewe ina mambo yake. Mota ya kilowati 7.5 ukiiwasha moja kwa moja inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Taa za kijiji kizima zinafifia, inveta inajizima kujilinda, na watu wanasema umeme wa sola ni wa kitoto. Ukifunga kifaa cha kuianzisha polepole, mtambo ule ule unaibeba bila shida. Nimeona watu wakinunua paneli zaidi kumbe walihitaji kifaa hicho tu.

Ukiweka bei moja kwa saa zote, hiyo nafasi ya mchana unaiua.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, wote mmeongelea bei ya uniti. Nafanya kazi na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na mtu maskini ninayemjua mimi hafiki hata kwenye uniti. Anakwama kwenye ada ya kuunganishiwa na kusuka nyaya ndani ya nyumba, fedha inayotakiwa yote kwa mkupuo. Nguzo inasimama mita kumi kutoka mlangoni kwake, na yeye anaendelea kununua betri za tochi.

Na hizo saini za asilimia 60 ya matumizi, kaka, hebu zifikirie. Mwenye mashine, mwenye mnara wa simu na wenye maduka makubwa wanaweza kufikisha asilimia hiyo peke yao. Mjane wa taa mbili sauti yake iko wapi? Kura ihesabiwe kwa kichwa, na ada ilipwe kidogo kidogo kupitia mita, pamoja na uniti.

Mleta mada

Dada, hilo la saini umenifungua macho, nalichukua lilivyo. Ruzuku inayoanzia kwenye uniti inamfaidi aliyekwisha kuunganishwa, na anayetumia sana inamfaidi zaidi. Ndiyo maana nataka bei ya chini iwe na kikomo: zile uniti za kwanza kwa mwezi, kwa mfano 15, zilingane na za gridi ya taifa. Zinazozidi hapo zilipiwe kwa gharama, na za mchana zishushwe kama fundi anavyosema. Taa na simu za kila kaya zinalindwa, na mwenye mashine anapata sababu ya kusaga jua likiwa juu.

Sasa kwa mchangiaji wa kwanza, maana hoja yako ndiyo nzito kuliko zote. Makubaliano ya bei hayajibu kwa nini jirani wa ng'ambo ya mto, aliyefikiwa na gridi ya taifa, alipe sehemu ndogo ya anacholipa huyu kwa taa ile ile. Watu wanalilinganisha hilo kila siku, ndipo wanaposhinikiza wanasiasa, ndipo zinapokuja amri za ghafla. Cambodia walikuwa na wafanyabiashara wadogo wengi wenye jenereta na nyaya zao vijijini. Waliwapa leseni, wakawaruhusu wanunue umeme wa jumla gridi ilipofika, kisha serikali ikafidia pengo ili bei zikaribiane. Sri Lanka haikuwa na utaratibu wa aina hiyo kwa miaka mingi, na mitambo mingi ya maji iliyojengwa kwa nguvu za wanakijiji ilitelekezwa gridi kubwa ilipoingia.

Kuhusu foleni ya hazina, fedha si lazima ipite huko. Peru ilianzisha mfuko wake wa fidia ya umeme kwa sheria ya 2001. Anayetumia zaidi ya kiwango kilichowekwa (uniti 100 kwa mwezi mfuko ulipoanzishwa) anaongezewa kidogo kwenye ankara yake, aliye chini ya hapo anapunguziwa, na mifumo isiyounganishwa na gridi kuu inapata punguzo kubwa zaidi. Makampuni yenye ziada yanayahamishia yenye upungufu, mdhibiti akisimamia. Waziri wa fedha hasubiriwi na mtu.

Nchi zetu zina wateja wengi wadogo na wakubwa wachache, kwa hiyo nyongeza kwa hao wachache inaweza kuwa nzito kuliko ya Peru. Hapo ndipo ningependa twende. Migodi, viwanda na mahoteli yaongezewe kiasi gani kabla hayajaamua kujifungia sola yao na kuikimbia gridi? Mwenye uzoefu wa kupanga bei za umeme atusaidie.