Aliyebonyeza "Ndiyo" anajijua, nanyi nyote mnamjua

Kadi_Tupu
Wakuu, salamu nitazitoa siku nyingine, kwa sababu leo naandika vidole vikitetemeka. Jina la mhusika silitaji, wala hakuna haja: ni yule yule ambaye kila mmoja wenu ana kisa chake naye, anayepita "mara moja tu" kusalimia na kuondoka siku ya tatu, akiwa ameacha pedi ya kuchezea gemu inanata na betri za rimoti hazijulikani zilipo.

Jana usiku alitaka kucheza mpira kwenye PlayStation 2 yangu. Memori kadi, ile inayotunza ulipofikia kwenye gemu, ikamwambia haina nafasi, jambo lisilo la ajabu kwa kadi ya megabaiti 8 iliyobeba maisha yangu yote. Nilikuwa nimesimama mlangoni namwona. Alifungua orodha ya vilivyohifadhiwa, ikoni zikajipanga zikizunguka taratibu, naye akazipitia kama hakimu anayepekua majalada, hadi akasimama juu ya ile iliyokula nafasi kubwa kuliko zote. Ilikuwa yangu. Saa 212 za kucheza. Mtoto aliyezaliwa siku nilipoianza gemu ile leo anajua kufunga kamba za viatu, na pengine ameshaposa.

Alipochagua kufuta, shujaa wangu mdogo akabadilika pale pale. Wanaoijua mashine ile wanakumbuka kwamba ikoni ya gemu inaweza kuwa na mwendo mmoja wa kutazamwa na mwingine wa saa ya kufutwa. Wangu aliinamisha kichwa. Mashine ikauliza kama kweli anataka kufuta. Nikasema, "Ngoja!" Akanigeukia, akanitazama machoni, na kidole chake, bila hata kusubiri macho yarudi kwenye skrini, kikabonyeza Ndiyo.

Alinitazama MIMI, wakuu, akabonyeza Ndiyo.

Nilipopata sauti, akanituliza: "Usijali, njia si unaijua tayari?" Kisha akahifadhi msimu wake mpya, wenye mechi moja, ambayo alifungwa mabao manne kwa bila. Hicho ndicho kilichokaa mahali pa saa 212. Wala msidhani sikumjali, maana nilikuwa nimempa kadi yake peke yake, ile yangu ya zamani ya PlayStation ya kwanza, tupu kabisa, bloki zote 15, yaani vipande vyote vya nafasi, imechomekwa kwenye tundu la pili. Hakuhangaika nayo. Alinitazama, akabonyeza Ndiyo. Nimelala namwona akibonyeza, nimeamka namwona akibonyeza.

Sitaki ushauri. Nataka mniambie kama mtu wa namna hii anastahili kuitikiwa hodi.

Bloki_ya_Mwisho
Pole sana, mkuu. Namjua, na hodi yake naitambua kabla hajafika. Kwangu aling'oa kadi wakati mashine inaandika, ilhali onyo la kutochomoa kadi lilikuwa limejaa skrini nzima. Alipoulizwa alijibu kwamba alidhani onyo lile ni la watoto. Nilibakiwa na faili moja linalosema data imeharibika, na sijalifuta hadi leo, kwa heshima ya marehemu.

Pedi_Mbovu
Mleta mada, nimesoma kwa huzuni mpaka nilipofika kwenye kadi ya bloki 15, hapo nikacheka peke yangu. Gemu za PlayStation 2 hazihifadhi kwenye kadi ya PlayStation ya kwanza. Kadi ile humo ndani inafaa kwa gemu za mashine ya zamani tu. Kwa maneno mengine, ulimpa mgeni ufunguo wa chumba kisicho na mlango, halafu unashangaa kumkuta kitandani kwako. Isitoshe, umelitaja mwenyewe tundu la pili. Ungeweka humo kadi inayostahili, ungenakili hizo saa 212 kwa muda mfupi kuliko uliotumia kuandika uzi huu.

Kadi_Tupu
Habari za bloki si mada. Mada ni kwamba alinitazama.

Mwana_Katriji
Ninyi mnamlilia mtu, na mtu anaweza kufungiwa mlango. Mimi nilifutiwa na betri. Kadi ya Nintendo 64, ile ya kuchomeka nyuma ya pedi, ilikuwa na kilobaiti 32 zilizogawanywa katika kurasa 123, na kilichomo kilikaa kwa hisani ya betri iliyofichwa ndani. Siku betri ilipochoka, kila kitu kiliondoka kimya kimya. Hakuna aliyenitazama, hakuna aliyebonyeza, hata swali sikuulizwa. Mwenzangu wewe angalau uliagwa.

Nafasi_Mbili
Kurasa 123 ni utajiri. Kadi ndogo ya mashine ya GameCube ilikuwa na bloki 59, na mji mmoja wa Animal Crossing ulichukua 57. Waliotengeneza walijua walichokifanya, ndiyo maana gemu iliuzwa na kadi yake humo humo kwenye boksi. Mimi kwa ujuaji wangu niliitumia kadi hiyo kama kadi ya kawaida, nikaishi na bloki mbili kama mpangaji wa uchochoroni, kila gemu mpya ikiniuliza ni nani kati ya majirani zangu afukuzwe.

Wingu_Jeusi
Msidhani kuhamia mtandaoni kumetuokoa. Mashine yangu ya sasa iliniuliza nibakize hifadhi ipi ya gemu yangu, iliyo kwenye mashine au iliyo mtandaoni. Nikachagua ya mtandaoni kwa kuwa ilisikika kuwa ya kisasa zaidi, kumbe ilikuwa ya wiki tatu nyuma, ikaifunika ile mpya. Nilibonyeza mwenyewe, kwa hiyo hapa nilipo najinunia.

Kadi_Tupu
Jamani, naomba turudi kwenye mada. Nilisema "Ngoja," akanigeukia, na kidole kikiwa juu ya pedi...

Sauti_ya_Piii
Mwana_Katriji, ungekuwa na mashine ya Dreamcast usingelia. Kadi yake ilitumia betri mbili za CR2032, zile bapa kama sarafu, lakini zikiisha gemu zako hazipotei, kwa kuwa kumbukumbu yenyewe haitegemei betri. Adhabu yake ni kelele tu: kila ukiwasha mashine, kadi inalia piii, na nyumba nzima inajua kwamba hujanunua betri.

Bloki_ya_Mwisho
Afadhali piii. Mashine ya Sega Saturn nayo ilitumia betri ya CR2032, lakini ikifa, vilivyohifadhiwa ndani ya mashine vinakwenda nayo, na ukiwasha unaulizwa leo ni tarehe ngapi, kana kwamba hamjawahi kukutana. Shukuru tu kwamba unafungua kifuniko cha nyuma na kuibadilisha mwenyewe.

Mwana_Katriji
Kumbe ya Saturn inatoka kwa mkono! Hii yangu ya Nintendo 64 imechomelewa kwa risasi. Nimepata nyingine ambayo bado ina vitu ndani, nami naogopa kuigusa. Nikiitoa betri bila kunakili kwanza, vinapotea?

Sauti_ya_Piii
Vinapotea. Nakili kwanza kwenye kadi nyingine, ndipo ushike chuma cha kuchomelea.

Kadi_Tupu
Na yule je?

Mwana_Katriji
Yule nani, mkuu? Tuko kwenye betri.